Kansa ya Titi Chini ya Hadubini: Kweli au Si Kweli?

"Uvimbe ukichomwa sindano, kansa inasambaa." Si kweli. Mgonjwa anapofika hospitali kansa ikiwa tayari imetambaa, kisha hali ikazidi baada ya kutolewa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa), lawama inaiangukia sindano. Ilichofanya sindano ni kuonyesha kilichokuwemo tangu mwanzo.

"Kansa ya titi ni moja tu." Si kweli. Inayoonekana zaidi, kama 7 kati ya 10 au zaidi, ni ile ya mifereji ya maziwa. Daktari wa patholojia huitazama kwa mambo matatu: seli bado zinajipanga kuwa vijifereji? Viini vyake vimeharibika umbo kiasi gani? Ngapi zinagawanyika? Kila swali hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ikifika 8 au 9, kansa hiyo ni kali.

"Hakuna uvimbe, basi hakuna kansa." Hili ndilo baya kuliko yote, maana ni uongo unaofanana sana na kweli. Kansa ya vitezi vya maziwa kwa kawaida huwa imepoteza protini inayoshikanisha seli, iitwayo E-kadherini. Seli zinajipenyeza moja moja kwenye mstari, kama sisimizi. Mkono unaweza kugusa ugumu tu, na hata mamografia huikosa wakati mwingine.

"Hadubini ikishaona kansa, dawa inajulikana." Nusu kweli. Kinyama hupimwa pia vipokezi vya homoni na protini iitwayo HER2. Vidonge vya tamoksifeni havina faida kwa kansa isiyo na vipokezi vya homoni.

"Kinyama kinaweza kusafirishwa kwenye maji ya chumvi." Si kweli, na kwa watu wa delta ya Rufiji hili si dogo, maana safari huchukua muda: boti husubiri maji yajae, kisha kuna barabara ya Kibiti hadi Dar es Salaam. Kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10 (dawa ya kuhifadhi kinyama) ndani ya saa moja, dawa iwe mara kumi ya ukubwa wake, na kisikae humo zaidi ya saa 72. Kwenye chupa paandikwe jina, titi la kulia au la kushoto, na saa kilipotiwa.

"Wanaume hawaipati." Wanaipata, kama mmoja katika kila wagonjwa 100. Karibu wote huwa na ile ya mifereji, kwa sababu titi la mwanamume kwa kawaida halina vitezi vya maziwa.