Intaneti "Bila Kikomo" Ilivyonifitini na Jirani Yangu

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tangu utotoni nimelisikia neno hilo likitumiwa kuwasifu wawekao akiba. Sikupata kudhani kwamba iko siku litanigeukia mimi, tena kwa kibaba kisichoonekana kwa macho wala kushikika kwa mkono, yaani kibaba cha intaneti.

Ilikuwa usiku baada ya sala ya Isha, nimeketi barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ujumbe ulitoka kwa kampuni iniuziayo intaneti ya nyumbani, nao uliandikwa kwa Kiingereza cha adabu. Muradi wake ni kwamba matumizi yangu ya mwezi ule yamepita kiasi. Kwamba nimevunja kanuni ya "matumizi ya haki". Na kwamba nisipojirekebisha, mwendo wa intaneti yangu utapunguzwa, na nikikaidi huenda nikakatiwa kabisa.

Nilistaajabu. Kijana aliyekuja kunishawishi nijiunge alinionyesha karatasi yenye maneno makubwa mekundu: bila kikomo. Sasa mimi, wasomaji watukufu, ni mtu niliyekula chumvi nikiyapima maneno. Kikomo ni pale jambo linapokoma. Kisicho na kikomo hakikomi. Vipi basi mtu atakipita kiasi kitu ambacho ameambiwa hakina kiasi?

Nikaingia ndani, nikautafuta mkataba. Katika ukurasa wa nne, kwa herufi ndogo zilizonilazimu kuvaa miwani na kuwasha taa ya pili, nikaliona jambo lenyewe. Kikomo kipo. Nyumba ikitumia zaidi ya gigabaiti 1,000 kwa mwezi, kampuni ina ruhusa ya kuonya na kupunguza mwendo. Chini yake palikuwa na sharti jingine ambalo pia sikuwahi kulisoma, kwamba intaneti hiyo ni ya watu wa nyumba moja tu.

Hapo ndipo shetani aliponijia.

Ukuta wa nyumba yangu umeungana na ukuta wa nyumba ya mama mmoja mjane. Binti yake ni mwanafunzi hodari wa chuoni, amehifadhi, na sauti yake ya kusoma hunituliza moyo nikiisikia dirishani. Kila siku baada ya Alasiri huwasomesha Kurani kwa njia ya video watoto walioko Maskati na Dubai, ambao wazazi wao ni watu wa hapa kwetu waliohamia huko. Ada wampayo ndiyo iwaendesheayo nyumba. Mwaka mmoja nyuma mimi mwenyewe nilimpa neno la siri la intaneti yangu, nikamwambia atumie, jirani ni ndugu.

Usiku ule sikukumbuka undugu. Nilijiambia, video kila siku, watoto watano sita, huyu ndiye anilizaye. Sikumwuliza mtu. Nikalibadili neno la siri, nikaenda kulala.

Siku ya pili, baada ya Alasiri, akabisha hodi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, Ami, intaneti imepatwa na nini? Wanafunzi wangu wananingoja tangu jana."

Nikamjibu, "Nami naiangalia, mwanangu." Lilikuwa neno la kweli lililobeba uongo mgongoni. Akashukuru akaenda zake, na mimi nikabaki na kikombe changu cha kahawa, isiteremke.

Siku ya nne nilifungua ukurasa wa kampuni ambapo mteja huweza kuona matumizi yake siku kwa siku. Nilitaraji kuona tarakimu zimeanguka. Kabla ya kumfungia jirani, nyumba yangu ilikuwa ikitumia kama gigabaiti 36 kwa siku. Baada ya kumfungia, ilikuwa ikitumia 34. Yule niliyemdhania mwizi alikuwa akila gigabaiti 2 kwa siku. Zile 34 zilikuwa zikiliwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe!

Waliosoma chuoni wanaijua aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayotuonya tujiepushe na dhana. Mimi niliihifadhi nikiwa mtoto, na mwalimu hakuniacha mpaka nikaisoma bila kugugumiza. Lakini kuhifadhi ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine.

Nilivaa kanzu, nikaenda kubisha hodi kwa jirani. Nikamwambia yule mama kweli yote, mbele ya binti yake, kwamba si intaneti iliyoharibika, ni mimi niliyewafungia. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ungalituuliza, kaka." Hakuongeza neno. Lau angalinitukana ingalikuwa nafuu.

Binti yake ndiye aliyesema, "Twende tukatazame, Ami."

Alikuja na mama yake, akaketi mbele ya kile kisanduku cha intaneti, akafungua kwenye simu orodha ya vyombo vyote vilivyounganishwa nacho. Kila chombo kilikuwa na jina na hesabu ya kilichotumia. Televisheni, ambayo wanangu huitazama kwa saa nne hivi, ilikuwa na gigabaiti kama 12 kwa siku, kwani saa moja ya picha safi hula takriban gigabaiti 3. Simu zetu zilikuwa na kidogo sana. Na juu ya vyote palikuwa na chombo kimoja kilichokula zaidi ya gigabaiti 21 kwa siku, usiku na mchana, bila kupumzika.

Kilikuwa kamera ya mlangoni. Niliitundika mwenyewe baada ya kuibiwa baiskeli, na fundi aliiweka ipeleke picha zake kwenye hifadhi ya mbali kila dakika. Yule binti akanifanyia hesabu kwenye karatasi. Kamera hupeleka megabiti 2 kwa kila sekunde. Biti 8 hufanya baiti moja, kwa hiyo ni robo ya megabaiti kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Jumla ni gigabaiti 21.6 kwa siku, na kwa siku 30 ni 648. Zaidi ya nusu ya kiasi changu chote cha mwezi kilikwenda kuonyesha uchochoro mtupu, paka wawili, na mimi mwenyewe nimekaa barazani nikinywa kahawa.

Nikasema, "Lakini kamera hainiletei kitu. Yenyewe ndiyo ipelekayo."

Akacheka. "Ami, inayokwenda na inayokuja zote zinahesabiwa."

Sisi watu wa bandari tulipaswa kulielewa hilo kabla ya wengine. Maneno yenyewe, kupakia na kupakua, yametoka gatini kwetu. Hamali hulipwa kwa shehena apakiayo na kwa shehena apakuayo. Hakuna bandari ihesabuyo upande mmoja.

Tiba ilichukua dakika tano. Kamera sasa huandika picha kwenye kadi iliyo ndani yake, na hupeleka nje pale tu kitu kinapopita. Matumizi yangu yameshuka hadi gigabaiti 14 au 15 kwa siku, na onyo halijarudi tena.

Baada ya hapo nilitaka kujua kwa nini kampuni ikaweka kikomo. Intaneti yetu huja kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali. Mwaka huo ndipo nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, na huo wa TEAMS watoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, ukipita bahari ile ile waliyoipita wazee wetu kwa majahazi ya msimu wa kaskazi. Lakini upana wa njia hiyo si wa mtu mmoja. Kampuni hununua sehemu, ikaigawa kwa nyumba nyingi, ikitumai kwamba zote hazitatumia kwa wingi wakati mmoja. Mwezi wa Mei mwaka 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipoharibika, sote tuliona jinsi nchi nzima inavyosongamana mlango ukiwa mwembamba.

Kwa hiyo ni kama birika ya msikiti. Maji ni ya wote, na achotaye kupita haja yake humnyima aliye nyuma yake. Tumefunzwa tusifanye israfu katika kutawadha hata tukiwa kando ya mto upitao. Kamera yangu ilikuwa ikifanya israfu katika birika la mtaa mzima, na katika hilo kampuni ilikuwa na haki ya kunionya.

Walakini kampuni nayo ina lake la kujibu. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, na kila mtu alijua kwamba vibaba 4 ni pishi moja. Hata zakatul fitri tunaitoa kwa kipimo kinachojulikana. Suratul Mutaffifin imeshuka kuwalaani wapunjao vipimo. Je, auzaye "bila kikomo" ilhali kikomo kiko ukurasa wa nne, huyo amepima sawasawa? Si neno gumu kuandika "gigabaiti 1,000 kwa mwezi" kwa herufi zile zile kubwa nyekundu, tena kwa Kiswahili. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomfaa katika kile anunuacho.

Basi nawausia wasomaji. Kabla ya kutia saini, muulizeni mwuzaji kikomo ni gigabaiti ngapi, na kikishapitwa mwendo utashuka hadi wapi. Onyo likija, msilidharau wala msilalamikie watu. Tazameni kwanza orodha ya vyombo, na hasa kamera na simu zinazojipelekea picha zenyewe. Badilini neno la siri mara kwa mara, lakini mwambieni mliyempa. Na mkiona mmeonewa, andikieni kampuni kwanza. Isipowajibu, iko Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ipokeayo malalamiko ya wateja.

Ama mimi na jirani yangu, tumepatana. Kwa kuwa mkataba haukuruhusu kuigawa intaneti nje ya nyumba, binti yule amejiungia yake, kifurushi kidogo kimtoshacho. Nilimwomba nimlipie nusu ya ada kwa miezi sita, akakataa, mama yake akamwambia apokee, akapokea. Mama mwenyewe ameanza tena kuniletea mkate wa mofa siku za Ijumaa.

Lakini katika siku zile nne nilizomfungia, wazazi wa wanafunzi wawili walimtafuta mwalimu mwingine. Mmoja amerudi. Wa pili hakurudi, na kila baada ya Alasiri, sauti ya binti ikinijia dirishani, najikuta nikihesabu ni watoto wangapi wamwitikiao.