Mshika Kisu ni Nani?

Mzazi wa Buruburu au Umoja humhoji fundi kwa kirefu kabla ya kumkabidhi redio yake. Chunjua ikimtoka mwanawe usoni, humpeleka kwenye kliniki yoyote iliyo karibu na kituo cha matatu akatwe, eti ni jambo dogo. Dogo kwa nani?

Ngozi yetu Waafrika ina tabia yake. Jeraha dogo, hata la kutoga sikio, laweza kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya kidonda. Likikatwa tu bila tiba nyingine ya kulizuia, mara nyingi hurudi, pengine likiwa kubwa zaidi. Basi daktari asiyeuliza kama katika ukoo wenu kuna mwenye makovu ya namna hiyo ni wa kuepukwa, hata bei yake iwe nafuu vipi.

Aidha, aeleze kinyama anachokiondoa kitapelekwa wapi. Doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha laweza kuwa saratani, nayo haithibitiki ila kwa kupimwa katika maabara. Maradhi yaliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981 yalianzia kwenye kidole cha mguu.

Tena koti jeupe hushonwa na fundi yeyote. Mwaka 2018 kliniki moja ya Kayole ilifungwa baada ya kufichuka kwamba mwenyewe hakuwa daktari. Baraza la Madaktari lina orodha ya waliosajiliwa, na matabibu wana baraza lao. Jina lisipoonekana huko, mwalimu na amwelekeze mwanafunzi wake Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, hata kama foleni itamla nusu siku.