Tour du Rwanda: Historia ya Mbio za Baiskeli za Hatua katika Nchi ya Vilima

Mtu aliyeshuka kwenye matatu mjini Kakamega katika miaka ya 1990 akitaka kufika Amalemba, Lurambi au Shirere hakukosa usafiri. Vijana walimzingira na baiskeli zao nyeusi za chuma, zile zilizobandikwa jina la Black Mamba, kila moja ikiwa na kiti cha sponji kilichofungwa juu ya keria. Huo ndio uliokuwa usafiri wa bodaboda kabla ya neno hilo kuhamia kwenye pikipiki. Jina lenyewe lilizaliwa si mbali na hapo, katika mpaka wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 waendeshaji walivusha abiria na mizigo baina ya Kenya na Uganda huku wakiinadi huduma yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, ambalo baadaye lilitoholewa likawa boda. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru kwa pikipiki ndogo, injini ilianza kuchukua nafasi ya miguu, na haukupita muda mrefu kabla ya baiskeli kusukumwa pembeni mwa barabara na pembeni mwa uchumi pia.

Swali ambalo halikuulizwa sana wakati huo ni hili: zile nguvu za miguu zilikwenda wapi? Kijana aliyeweza kumpandisha mlima abiria mzima pamoja na gunia lake la mahindi, tena mara kadhaa kwa siku, alikuwa na mtaji wa mwili ambao kwingineko hulipwa mshahara. Kakamega ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kigali, mji mkuu wa Rwanda, ipo karibu kiwango hicho hicho. Mandhari nayo hayatofautiani mno: vilima, mvua, mashamba madogo yaliyobanana na barabara zinazopanda na kushuka pasipo kutoa nafasi ya kupumua. Hata jina la chombo lina udugu. Wanyarwanda huiita baiskeli igare na Waganda huiita eggaali, maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hatakawia kuyahusisha na gari. Lakini Rwanda ilikuwa na jambo moja ambalo magharibi mwa Kenya hapakuwa nalo: mbio za kila mwaka zilizoizunguka nchi kwa siku kadhaa, ambamo mbeba abiria aliweza kugeuka mwanaspoti.

Kabla ya kuieleza historia ya mbio hizo, yafaa kufafanua aina yake. Mbio za hatua ni mashindano yanayokimbiwa kwa siku nyingi, kila siku ikiwa na hatua yake yenye mwanzo, mwisho na mshindi wake. Muda wa kila mwendeshaji huandikwa na kujumlishwa siku baada ya siku, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Kwa hiyo yawezekana mtu akatwaa ubingwa bila kushinda hatua hata moja, almuradi hakupoteza muda mwingi popote. Mfumo huu ulipata umaarufu Ufaransa mwaka 1903, gazeti la michezo la L'Auto lilipoandaa Tour de France ili kuongeza mauzo yake. Waendeshaji 60 walianza, wakakimbia kilomita 2,428 kwa hatua sita, na 21 tu ndio waliomaliza, Maurice Garin akiwa wa kwanza. Jezi ya manjano anayovaa kiongozi wa mbio ilianzishwa mwaka 1919, na rangi yake ndiyo iliyokuwa rangi ya karatasi za gazeti hilo. Ni vyema kulikumbuka jambo hili, kwa sababu mbio za hatua tangu kuasisiwa kwake zimekuwa zikiuza kitu. Tour de France iliuza gazeti. Nyingine, kama itakavyoonekana, huuza nchi.

Mtazamaji mgeni hushangaa kuona wanaume mia moja wakienda pamoja kwa saa nne bila yeyote kujaribu kuwaacha wenzake. Kisa ni upepo. Anayeendesha nyuma ya mwenzake, tairi lake likikaribia kugusa la mbele, huokoa sehemu kubwa ya nguvu ambazo aliye mbele huzitumia kuukata upepo. Ndiyo maana mchezo huu, ijapokuwa bingwa ni mmoja, ni mchezo wa timu. Kila timu huwa na kiongozi wake, na waliosalia humkinga upepo, humrudishia nafasi akipata pancha, na hata humpa gurudumu lao ikibidi. Wafaransa humwita mfanyakazi wa namna hiyo kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina lake. Msaidizi lafaa, ingawa mbeba maji lingekuwa na ladha zaidi, maadamu mojawapo ya kazi zake ni kurudi nyuma hadi kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji na kuwapelekea wenzake mbele. Kwenye mlima mkali kinga ya upepo hupungua thamani, kwa kuwa mwendo ni mdogo, na hapo ndipo kila mtu hubaki na mapafu yake. Nchi ya vilima elfu, kama Rwanda inavyoitwa, humweka mwendeshaji katika hali hiyo kila siku.

Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Célestin Ndengeyingoma, Mnyarwanda. Yalikuwa mashindano madogo ya ndani na ya majirani. Hayakudumu kabla ya kukatizwa: Oktoba 1990 vita viliingia nchini, na mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Barabara zilizokuwa za mbio zikawa za wakimbizi na za vizuizi vya wauaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbio zilikuwa zimerejea, na jina lililotawala kipindi hicho ni la Abraham Ruhumuriza, aliyeutwaa ubingwa mara tano. Zama hizo kijana wa Kinyarwanda aliyekimbia mbio hizi aghalabu alikuwa yule yule aliyebeba viazi, ndizi au abiria siku za kawaida, na baiskeli yake ya mbio haikutofautiana sana na ile ya kazi. Tofauti na baiskeli za kisasa haikuwa ndogo: baiskeli ya kisasa ya mbio huweza kushuka hadi kilo 6.8, kikomo kilichowekwa na Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, ilhali Black Mamba ya bodaboda ni zigo la chuma hata kabla ya abiria kupanda.

Mabadiliko yalikuja kupitia wageni wawili kutoka Marekani. Tom Ritchey, mtengenezaji mashuhuri wa baiskeli, aliizuru nchi na mwaka 2006 akaandaa mashindano yaliyowashirikisha pia watumiaji wa baiskeli za mbao za kubebea viazi. Mwaka uliofuata Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kukimbia Tour de France, mwaka 1981, alikwenda kuinoa timu ya taifa. Katika vijana aliowakuta alikuwamo Adrien Niyonshuti, ambaye alinusurika mauaji ya 1994 akiwa mtoto na kupoteza ndugu zake kadhaa. Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Habari za Boyer na vijana wake zilipendwa sana na waandishi wa Magharibi, labda kupita kiasi, kwa kuwa zilimweka mgeni katikati na kumsahau Ruhumuriza aliyekuwa akishinda tangu kabla mgeni hajafika.

Mwaka 2009 Tour du Rwanda iliingizwa katika kalenda ya Afrika ya Shirikisho la Kimataifa. Hapo washindi wa kigeni walifuatana: Adil Jelloul wa Moroko mwaka huo, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea mwaka 2010, kisha Mmarekani na baadaye Waafrika Kusini. Wenyeji walisubiri hadi 2014, Valens Ndayisenga alipoutwaa ubingwa akiwa bado kijana mdogo. Baada yake milango ikafunguka. Jean Bosco Nsengimana alishinda 2015, Ndayisenga tena 2016, Joseph Areruya 2017 na Samuel Mugisha 2018. Miaka mitano mfululizo jezi ya manjano ilibaki nyumbani. Watu walijipanga kandokando ya barabara kutoka Kigali hadi Musanze, Rubavu na Huye, watoto wa shule wakiachiwa kutoka darasani, na hakuna kiingilio kilichotozwa. Mchezo huu unawafuata watazamaji hadi vijijini mwao, jambo ambalo uwanja wa mpira hauwezi kulifanya.

Kisha mbio zikapanda cheo. Mwaka 2019 zilihamishiwa Februari na kuwekwa katika daraja la juu zaidi, na timu kubwa za Ulaya zikapata sababu ya kuja kutafuta alama na mazoezi ya mapema. Mwaka huo alishinda Merhawi Kudus wa Eritrea. Mweritrea mwenzake Natnael Tesfatsion akashinda 2020 na 2022, na mwingine, Henok Mulubrhan, 2023. Baina yao na baada yao walishinda Cristián Rodríguez wa Uhispania 2021, Joseph Blackmore wa Uingereza 2024 na Fabien Doubey wa Ufaransa 2025. Katika miaka hiyo yote saba hakuna Mnyarwanda aliyeuchukua ubingwa. Moïse Mugisha alishinda hatua ya mwisho ya mwaka 2022, na shangwe zilizopigwa Kigali siku hiyo zilionyesha jinsi furaha hiyo ilivyokuwa imeadimika. Mbio zilizokuzwa na wabeba viazi zilikuwa zimekuwa kubwa kuwapita. Wapo wanaosema hilo si hasara, kwa kuwa kijana hupimwa dhidi ya walio bora. Hoja hiyo ina uzito, lakini Eritrea yaonyesha kwamba kupimwa pekee hakutoshi. Waeritrea walianzisha mashindano yao ya nchi mwaka 1946, urithi wa Waitaliano walioitawala, na karibu kila mji wao una klabu na mbio za wikendi. Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani katika Tour de France ya 2024, ni zao la mbio hizo ndogo zisizotangazwa na mtu.

Kuna pia siasa. Rubavu, mji ambao mbio hupenda kuutembelea, umepakana na Goma. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, majuma machache tu kabla ya mbio za mwaka huo, timu ya vijana ya Soudal Quick-Step ya Ubelgiji ilijiondoa kwa sababu za kiusalama, na serikali ya Kongo, inayoituhumu Rwanda kuwasaidia waasi hao, ilitaka Mashindano ya Dunia yasifanyike Kigali. Yalifanyika hata hivyo, Septemba 2025, yakiwa ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Njia yake ilipita katika ule mwinuko wa mawe wa Nyamirambo ambao Tour du Rwanda iliufanya maarufu kwa jina la Ukuta wa Kigali. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 siku ya mwisho. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na kati ya walioanza 165 ni 30 tu waliofika mwisho.

Kenya haikukosekana kabisa katika historia hii. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, alikimbia kwa jina la Kenya hadi 2008, kisha akaitwaa Tour de France mara nne chini ya bendera ya Uingereza. Mwaka huo huo wa 2008 Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, aliwapeleka Ufaransa vijana wawili wa Eldoret, mmoja mwendesha bodaboda na mwingine mng'arisha viatu, wakajaribu kuupanda mlima Alpe d'Huez wenye kona 21 ili ijulikane wana kasi gani. Kutokana na jaribio hilo iliundwa timu ya Kenyan Riders, iliyopiga kambi Iten. Timu hiyo ilimpoteza John Njoroge aliyefariki katika mashindano ya Ufilipino mwaka 2014, lakini ilimlea pia Suleiman Kangangi. Kangangi ndiye aliyeshika nafasi ya tatu kwa jumla katika Tour du Rwanda ya 2017.

Kangangi aliona kwamba Mkenya akisubiri kualikwa Ulaya atazeeka akisubiri, sembuse viza. Akawa miongoni mwa viongozi wa Team Amani, timu ya Waafrika Mashariki iliyoamua kuwaita Wazungu waje kukimbia huku. Migration Gravel Race ilianza Juni 2021, mbio za hatua nne katika barabara za vumbi za Maasai Mara, ambako mgeni na mwenyeji hulala kwenye mahema ya kambi moja na kupambana na mawe yale yale. Kangangi alifariki kwa ajali katika mbio za Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akiwa na umri wa miaka 33. Mbio za Mara zilifanyika tena mwaka uliofuata. Hazihitaji lami. Zinahitaji baiskeli yenye tairi pana kidogo, polisi wa kufunga njia panda kwa saa chache, na barabara ya murram, ambayo kutoka Malava hadi Khwisero haijawahi kuwa adimu.