Kipima tetemeko: Aisi ya bei poa humtia fundi hasara

TETEMEKO lenye ukubwa wa 5.9 lililoikumba Kagera Septemba 10, 2016 liliua watu na kubomoa nyumba nyingi za matofali mjini Bukoba. Kifaa cha kurekodi mitikisiko ya aina hiyo fundi redio anaweza kukiunda mwenyewe. Sumaku inaning'inizwa kwa springi juu ya koili ya waya mwembamba wa shaba, na ardhi ikitikisika koili hutoa umeme.

Tatizo ni kwamba umeme huo ni maikrovolti chache tu, hivyo lazima ukuzwe mara 1,000 hivi. Hapo ndipo fedha hupotea. Aisi ya 741 ni rahisi, ila kosa lake la ndani laweza kufika milivolti 6. Likikuzwa mara 1,000 linakuwa volti 6, na betri ya volti 9 imeshindwa kabla ardhi haijatikisika. OP07 ni ghali zaidi, lakini kosa lake halizidi maikrovolti 150. Iongezwe rizista na kapasita za kuchuja mvumo wa umeme wa gridi, hezi 50.

Anayekinadi kifaa hiki kuwa kinatabiri tetemeko anadanganya wateja, kinarekodi tu. Wanunuzi wa kutafutwa ni shule zinazofundisha fizikia.