Neno Lililo Kinywani Mwako

Somo letu la leo latoka katika Waraka kwa Warumi, mlango wa 10, mstari wa 6 mpaka wa 10.

Wengi wetu twadhani imani ni jambo la mbali. Mmoja husema, “Nitaokoka nikiisha kuacha pombe.” Mwingine huuza mbuzi apate nauli ya kumfuata mhubiri mashuhuri katika mji mwingine, kana kwamba Kristo amewekwa huko. Hatuwacheki watu hawa. Mara nyingi wana mgonjwa nyumbani.

Lakini Mtume Paulo anarudi kwa Musa, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 30. Waisraeli walikuwa katika nchi ya Moabu, hawajavuka Yordani, na Musa alikuwa karibu kuwaaga. Akawaambia ya kwamba amri ya Mungu haiko mbinguni hata mtu apande kuileta, wala haiko ng’ambo ya bahari. I kinywani mwao na moyoni mwao. Sasa tuangalie Paulo afanyavyo. Mahali pa bahari aweka kuzimu, na mahali pa amri amweka Kristo mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu Kristo amekwisha kushuka kutoka mbinguni, naye amekwisha kufufuka katika wafu. Safari zile mbili tulizoziogopa amezisafiri yeye, wala hakutuachia hata kipande cha njia.

Katika mstari wa 9 Paulo ataja kinywa kwanza, kisha moyo, kama alivyotaja Musa; katika mstari wa 10 ageuza, moyo ukatangulia. Basi tusibishane kipi kianze. Ila tusidhani kwamba kilicho karibu ni chepesi. Waliousoma waraka huu kwanza walikaa Rumi, mji wa Kaisari, na kumkiri Yesu kuwa Bwana katika mji ule halikuwa jambo la mchezo.

Na yule aliyelala kitandani miezi mingi, asiyeweza kufika kanisani wala kushika kitabu? Kinywa angali nacho, hata kama ni cha kunong’ona. Na sauti ikimwisha, Mungu ausikia moyo wake. Mzee wa kanisa aendaye kumtazama juma hili asimwambie, “Ukipona utakuja kuungama.” Na aketi karibu naye, amsomee mlango huu polepole, kisha anyamaze, amngoje aseme mwenyewe.