Wakala wa Serikali ya Kigeni: Maana ya Neno na Mapengo ya Sheria

Wakala ni mtu atendaye kazi kwa niaba ya mwingine; jasusi ni mtu apelelezaye kwa siri. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 juu ya uandikishaji wa mawakala wa kigeni, iliyotungwa kwa hofu ya propaganda ya Wanazi, yamhusu huyo wa kwanza. Haimkatazi mtu kuitetea serikali ya kigeni mbele ya watawala au umma wa Marekani. Yamdai tu ajitangaze. Wakala hujiandikisha katika Wizara ya Sheria ndani ya siku 10, huonyesha mkataba na malipo yake, kisha hutoa taarifa kila miezi 6.

Faida ya daftari hilo haiishii Washington. Katika miaka ya 1980, serikali ya Mobutu iliiajiri kampuni ya Black, Manafort, Stone & Kelly iitetee huko. Kazi ya namna hiyo hulipwa kwa mali ya umma, na daftari humwezesha raia wa nchi inayolipa kusoma asiyoambiwa nyumbani.

Hata hivyo, sheria ina mapengo mawili. Kwanza, tangu mwaka 1995, anayewakilisha kampuni binafsi ya nje aweza kujiandikisha Bungeni, ambako maelezo yanayodaiwa ni machache. Msamaha huo hautumiki ikiwa mnufaika mkuu ni serikali. Lakini si rahisi kuthibitisha ni nani aliye nyuma ya kampuni. Pili, utekelezaji ni hafifu: kati ya mwaka 1966 na 2015, kesi za jinai zilikuwa 7 tu. Mwaka 2018 Paul Manafort alikiri makosa yaliyohusu kazi aliyoifanyia Ukraine bila kujiandikisha. Mwaka 2020 Rais Trump akamsamehe. Februari 2025 Wizara iliagiza mashtaka ya jinai yahusu vitendo vinavyofanana na ujasusi. Hivyo maneno mawili yaliyotenganishwa yamekaribiana tena.

Kuiimarisha sheria ni kuyafunga mapengo hayo, bila kuivuruga maana. Urusi, tangu mwaka 2012, imelibandika jina la wakala wa kigeni hata kwa vyama vya raia vilivyopokea msaada wa nje. Kipimo cha haki ni agizo, wala si msaada: apokeaye amri ya serikali ya kigeni na aitaje, asiyeipokea aachwe na uhuru wake.