"Njo" na "Njoo": Simu Tatu Nyumbani Kolwezi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kolwezi na simu tatu: moja yangu, mbili za kuazima kwa wenzangu wa kitivo. Nilikuwa nimeahidi makala ya kawaida ya kulinganisha simu, yaani betri, kamera, kioo na bei. Majina ya watengenezaji sitayataja, kwa kuwa nitaeleza kasoro na sikuzipima simu hizi katika maabara. Nilizipima jikoni kwa mama, sokoni na juu ya pikipiki.

Ya kwanza ni simu ya vibonye, ya aina ambayo mama mwenyewe anatumia. Ya pili ni simu ya kupapasa ya bei nafuu, na ya tatu ni ya bei ya kati. Zote zinapokea kadi mbili, jambo ambalo kwetu si anasa: jirani huyu yuko Vodacom, yule yuko Airtel, shangazi yuko Orange, na kila mmoja hununua uniti kwa hesabu.

Kwa upande wa betri, simu ya vibonye iliwashinda wenzake kwa mbali. Ilikaa siku tano bila kuguswa, na tochi yake ilitumika kila usiku umeme ulipokatika. Zile mbili zilifika siku moja na nusu nikiwa mwangalifu. Vumbi lilikuwa mtihani mwingine. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za malori huingia mpaka ndani ya sukari. Baada ya wiki mbili tundu la chaji la ile simu ya bei nafuu lilikuwa limeziba, nikalisafisha kwa kijiti cha kuchokolea meno. Kamera ni nzuri mchana. Usiku sipendi kuizungumzia.

Mjomba wangu, anayechimba kwenye mashimo ya nje ya mji, aliipima ile ya bei ya kati kwa kuishika tu kiganjani, kama anavyopima jiwe. Akauliza: "Mule ndani, ya kwetu iko ngapi?" Swali lake lina jibu, na nililitafuta. Betri za simu nyingi ni za lithiamu, na upande mmoja wa betri hutengenezwa kwa oksidi ya lithiamu na kobalti. John Goodenough na wenzake walionyesha uwezo wa oksidi hiyo huko Oxford mwaka 1980, na Sony ikaanza kuuza betri za aina hiyo mwaka 1991. Kwa uzito, kobalti ni kama asilimia 60 ya oksidi yenyewe, kwa hiyo simu moja hubeba gramu chache tu. Lakini zaidi ya theluthi mbili za kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu, na sehemu kubwa yake hutoka katika ukanda huu wa Lualaba. Mjini kwetu kila mtu anajua habari ya Kasulo, mtaa wa makazi ambako mwaka 2014 madini yalipatikana chini ya nyumba, na watu wakaanza kuchimba uani na hata ndani ya vyumba. Nilimwambia mjomba: gramu chache. Akanirudishia simu. "Paka hivi?" akasema, kisha akaniomba nimwazime ile ya bei nafuu kwa siku mbili, maana yake ilikuwa imekufa.

Nilimpa. Kabla ya kumpa nilifanya jambo nililoliona la maana kwa mwanafunzi wa lugha: nilifungua mipangilio nikaweka kibodi ya Kiswahili, na nikaacha usahihishaji wa maneno ukiwa umewashwa.

Kila jioni mjomba akikaribia nyumbani humwandikia mama, ambaye ni dada yake mkubwa, maneno mawili: "Njo tunafika." Kwa wasomaji wasiotoka Katanga, "njo" hiyo ndiyo "ndiyo" yenu. Husisitiza, huunganisha, huonyesha kwamba jambo liko njiani kutendeka. "Njo vile" ni "ndivyo hivyo". "Njo tunafika" ni "ndiyo tunafika sasa hivi". Jioni ile simu haikuijua "njo". Mjomba alipobonyeza nafasi, ilichukua neno la karibu inalolijua, naye hakutazama kioo. Mama akapokea: "Njoo tunafika."

Mtu anaweza kusema kwamba kwetu Katanga mtu akikuita atasema "kuya", si "njoo". Ni kweli. Lakini mama amesikia "njoo" maisha yake yote katika Biblia na katika nyimbo za kanisani, na neno hilo kwake lina uzito kuliko "kuya". Na mwanamke wa Kolwezi akiitwa usiku na mtu aliyeko mashimoni huwaza jambo moja tu. Juni 2019 shimo liliporomoka kwenye mgodi mmoja wa hapa kwetu, na zaidi ya wachimbaji 30 wakafa. Wako wanawake waliopata habari kwa simu. Mama hakupiga kuuliza, maana uniti zilikuwa zimekwisha. Alipanda pikipiki ya kukodi gizani.

Mjomba alifika dakika chache baadaye, akanawa uso, akaomba chakula. Tuliketi tukimngoja mama karibu saa mbili. Simu yake ilikuwa ikiita bila kupokelewa, na mjomba alipotaka kumfuata hatukujua ameshika njia ipi. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amesimama kwenye mashimo akiuliza walinzi majina. Alimtazama ndugu yake kwa muda, kisha akasema: "Weye uliniita." Mjomba akaapa: "Sikukuita, yaya." Mimi nikachukua ile simu, nikasoma ujumbe, nikanyamaza. Niliwaeleza asubuhi.

Kuwaeleza haikuwa rahisi, na nadhani hata sisi wa kitivo hatulielezi vizuri. Kibodi haina sarufi kichwani. Ina orodha ya maneno na hesabu ya mara ngapi kila neno limeonekana katika maandishi iliyolishwa. Ukiandika kisichokuwamo, hutafuta kinachofanana nacho kwa herufi na kinachotumika sana. Maandishi mengi ya Kiswahili yanayopatikana kwa kompyuta ni magazeti ya Tanzania na Kenya, Biblia, hotuba na tafsiri za mashirika. Katika maandishi hayo "njoo" imo maelfu ya mara. "Njo" ikionekana, huonekana kama kosa la kupiga chapa. Kwa hiyo simu haikukosea kwa bahati mbaya. Ilifanya kazi yake sawasawa, kwa Kiswahili cha watu wengine.

Mtu atajibu kwamba tungeandika Kiswahili sanifu, mambo yangekwisha. Nimewahi kulisema hilo mwenyewe darasani. Silisemi tena kwa wepesi ule. Lahaja yetu si ya jana: mwaka 1965 wafanyakazi wa zamani wa majumbani mwa Wazungu waliandika historia ya mji wao, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili cha Katanga kilichopigwa chapa bila tahajia ya kudumu, maneno yakiunganishwa na kukatwa kila mahali. Johannes Fabian alipotaka kuichapisha mwaka 1990 ilibidi isomwe kwanza kwa sauti na mtu wa Katanga, kwa sababu maana ilisikika vizuri kuliko ilivyosomeka. Na katika viwango vya kimataifa Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, tofauti na swh wa Kiswahili cha pwani. Wanaisimu walikwisha kukubali kwamba tupo. Kibodi bado.

Nilijaribu pia lugha ya simu nzima. Katika Android unaweza kuchagua Kiswahili kisha ukachagua nchi, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Nilifurahi mapema mno. Maneno yalibaki yale yale ya Tanzania. Nilichoona kimebadilika ni namna ya kuandika tarakimu, nukta ikitenga maelfu na koma ikitenga desimali, kama tulivyojifunza kwa Kifaransa. Ajabu ni kwamba data za kimataifa za lugha za kompyuta ziliwahi kuwa na fungu la Kiswahili cha Kongo lenye majina yetu ya siku: siku ya yenga kwa Jumapili, kisha siku ya kwanza, siku ya pili, na kuendelea. Baadaye majina ya sanifu yakachukua nafasi yake.

Hili si jambo la mapambo. Kwetu siku ya kwanza ni ile mnayoiita Jumatatu, na siku ya tatu ni Jumatano yenu. Nilimwekea shangazi, anayeuza vitenge, kikumbusho cha tarehe ya kulipa deni kwenye simu ya tatu. Simu ikaandika "Jumatatu". Shangazi akasoma "tatu", akajiandaa kwa siku ya tatu. Kama nisingekuwapo kumsomea angechelewa siku mbili, na mdeni wa sokoni hachelewi mara mbili akabaki na jina lake. Nilibadilisha simu ile kuwa ya Kifaransa, lugha asiyoisoma vizuri pia, lakini "lundi" anaijua.

Kuhusu kuandika kwa sauti, niliwapa watu saba wa nyumbani wazungumze na simu ya tatu. Waliosoma shule na wanaosikiliza redio za nje walipatana nayo kiasi. Mama alisema: "Batu bote beko muzuri," simu ikaandika jambo kuhusu bata. Watoto walicheka mpaka wakalia, na mama alicheka nao. Mjomba hakujaribu. Iko kazi inayoendelea: mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili kwa kujitolea, mtu husoma sentensi kwenye simu na wengine huihakiki. Mwanafunzi yeyote wa kitivo hiki anayetoka Kolwezi, Likasi au Lubumbashi anaweza kuketi nusu saa na kuacha matamshi yake humo. Tahajia ya "njo" ni kazi ngumu zaidi, na hiyo ni yetu, si ya wahandisi. Mpaka leo hatujakubaliana hata kama tuandike "njo" au "ndjo".

Mtu akiniuliza anunue ipi, kwa Kolwezi ningemshauri simu ya vibonye kwa ajili ya betri na tochi, na ile ya bei nafuu kama anahitaji kutuma sauti, mradi azibe tundu la chaji kwa kitambaa. Ile ya bei ya kati ni nzuri, lakini sikuona inachofanya kwetu cha kulipia tofauti ile.

Kabla sijaondoka nilizima usahihishaji kwenye ile simu ya bei nafuu, nikamwachia mjomba; mwenyewe niliyemwazima tumekubaliana nimlipe kidogo kidogo. Mama alikataa ujumbe wa maandishi kabisa. Sasa mjomba humpigia kila jioni, nusu dakika, uniti zikiwapo au za kukopa. Nilikuwa karibu siku moja mama alipopokea. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa pikipiki, na sauti ikasema, "Njo tunafika, yaya." Mama akauliza, "Weye mwenyewe?"